Chanda Chema na Pete Yake: Historia Fupi ya Kuwaenzi Wanamichezo Waliosoma

Utangulizi

Wahenga walisema: chanda chema huvikwa pete. Methali hii hutajwa mara nyingi katika sherehe za kutoa vyeti na nishani, lakini ni nadra kuulizwa maswali mawili yaliyomo ndani yake. Nani mwenye haki ya kuamua kwamba chanda ni chema? Na pete yavikwa lini, asubuhi au jioni ya maisha? Makala haya yanakusudia kuyachunguza maswali hayo kwa kulitazama kundi moja ambalo historia za vyuo hulipita haraka, nalo ni kundi la wanafunzi waliocheza. Kwa kawaida historia ya chuo huandikwa kwa kuorodhesha wakuu wake, vitivo vyake na vitabu vya walimu wake. Mwanafunzi aliyekimbia au aliyelinda lango hutajwa siku ya ushindi, kisha jina lake hutulia pamoja na vumbi la uwanja.

Hoja yetu ni kwamba mwanamichezo aliyesoma hastahili kuenziwa kwa ajili ya vikombe peke yake, wala kwa ajili ya cheo alichokipata baadaye peke yake. Yafaa maisha yake yatazamwe yote kwa pamoja, na heshima anayopewa imfae yeye mwenyewe na iwafundishe waliobaki. Tutaanza hapa Lubumbashi, kisha tutavuka mipaka ili tupate mifano ya kulinganisha.

Timu iliyozaliwa shuleni

Mashabiki wengi wa kandanda wanaijua Tout Puissant Mazembe kama klabu ya mji, yenye mali na vikombe. Wachache hukumbuka kwamba ilizaliwa katika mazingira ya shule. Mwaka 1939 mapadri Wabenediktini walioongoza Taasisi ya Mtakatifu Bonifasi, mjini Elisabethville, waliunda timu ya mpira kwa ajili ya wanafunzi maskauti ambao hawakuwa wakiandaliwa kwa upadri. Timu ile ikapewa jina la Mtakatifu Georgi, msimamizi wa maskauti. Mwaka 1944 iliitwa Mtakatifu Paulo. Baadaye walipoingia wachezaji wasiokuwa wanafunzi, wamisionari wakajitenga nayo, na klabu ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi iliyoifadhili.

Tukiufuata mfululizo huo wa majina, tunaiona historia nzima ya jamii ya mji. Jina la mtakatifu ni la shule na kanisa. Jina la matairi ni la kampuni na biashara. Na jina la Mazembe, lililokuja katika miaka ya 1970, ni la zama ambazo nchi ilikuwa ikibadilisha majina yake kwa amri ya serikali. Mwaka 1966, mwaka uleule Elisabethville ilipoitwa Lubumbashi, klabu ilitwaa ubingwa wa Katanga, ubingwa wa taifa na kombe la taifa. Mwaka 1967 na 1968 ilikuwa bingwa wa Afrika, ikawa klabu ya kwanza kulitetea taji hilo kwa mafanikio. Mwaka huohuo wa 1968, mjini Addis Ababa, Pierre Kalala wa Englebert alifunga bao pekee lililoipa Kongo Kombe la Mataifa ya Afrika mbele ya Ghana.

Majina ya mabingwa hao yanajulikana. Lakini vijana wa 1939, waliojifunza somo asubuhi na kupiga mpira jioni, hutajwa kwa sentensi moja tu, tena bila majina: "wanafunzi maskauti". Tunajua ni akina nani waliowaanzishia timu. Hatuambiwi ni nani aliyekuwa mlinda lango, nani baadaye alikuwa karani, mwalimu au fundi wa reli. Msingi wa nyumba hauonekani, lakini ndio unaobeba paa.

Mji wenye desturi ya ukumbusho

Upungufu huo unashangaza zaidi kwa sababu Lubumbashi si mji usiojua kujikumbuka. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumbani kilitoa historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili na André Yav, ikiitwa kwa Kifaransa msamiati wa mji wa Elisabethville. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia ya nchi picha kwa picha, akaieleza kwa Kiswahili mbele ya mtaalamu Johannes Fabian. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi umewakutanisha watafiti wa chuo na wakazi wa mitaa ili kukusanya masimulizi ya mji.

Michoro ya aina ile iliitwa na wenyewe "ukumbusho". Neno hili latufaa sana katika mjadala wetu. Mzizi wake ni kitenzi "kumbuka"; kikinyambuliwa katika kauli ya kutendesha twapata "kumbusha"; na kutoka hapo nomino "ukumbusho". Kwa hiyo ukumbusho si hali ya mtu kukumbuka peke yake. Ni kitu au tendo linalomfanya mwingine akumbuke. Neno "kuenzi", kwa upande wake, limetokana na "enzi", lenye maana ya nguvu, utukufu na mamlaka. Anayemwenzi mtu humtunza kwa heshima. Maneno haya mawili yatupa kipimo: heshima kamili kwa mwanamichezo wa zamani yapasa iwe na sehemu mbili, kuwakumbusha wengine na kumtunza mwenyewe. Mifano ifuatayo itaonyesha nini hutokea sehemu moja inapokosekana.

Mwanaisimu aliyejenga hospitali

Mfano ulio karibu zaidi na ukamilifu ni wa Dikembe Mutombo. Alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966, akasoma katika chuo cha Boboto, na mwaka 1987 akapata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani. Alikusudia kusomea udaktari. Kiingereza chake kilikuwa haba, ikambidi atumie mwaka wa kwanza kujifunza lugha. Kocha John Thompson alimwona kijana mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili akamwita katika mpira wa kikapu. Mwaka 1991 Mutombo alihitimu katika isimu na diplomasia. Kwetu sisi wa idara za lugha, hili si jambo dogo: mchezaji aliyesifiwa kwa mikono yake alikuwa mwanafunzi wa ndimi, naye alizungumza lugha tisa.

Katika mpira wa kulipwa alicheza misimu kumi na minane, akachaguliwa mara nne kuwa mlinzi bora wa mwaka, na mipira 3,289 aliyoizuia ilimweka katika nafasi ya pili katika historia ya ligi ya Marekani. Hata hivyo, jambo lililomfanya apendwe Kinshasa lilitokea nje ya uwanja. Mama yake, Biamba Marie, alifariki wakati wa machafuko yaliyozuia asifikishwe hospitalini. Mwaka 1997 Mutombo alikuwa ameanzisha taasisi ya hisani. Baada ya msiba ule alitoa zaidi ya dola milioni 15 kutoka mfukoni mwake, na mwaka 2007 hospitali yenye vitanda 300 ikafunguliwa Masina, ikiitwa kwa jina la mama. Kijana aliyekosa kuwa daktari aliwajengea madaktari mahali pa kufanyia kazi. Mwaka 2021 alifungua shule karibu na Mbuji-Mayi kwa jina la baba yake.

Mwaka 2010 chuo chake cha zamani kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Heshima ile ilitolewa akiwa hai, baada ya hospitali kufunguliwa. Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 58. Pete ilikuwa imekwisha kuvikwa.

Wakimbiaji wawili wa Kenya

Lakini si kila maisha huenda kwa mstari ulionyooka. Mike Boit alipata nishani ya shaba ya mita 800 katika Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, akasoma Marekani hadi shahada ya uzamivu, akawa kamishna wa michezo wa Kenya katika miaka ya 1990, kisha profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Maisha kama hayo ni rahisi kuyasherehekea.

Henry Rono naye alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State. Mwaka 1978, katika siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 10,000, mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na mita 3,000. Kenya iligomea Olimpiki za 1976 na 1980, kwa hiyo mkimbiaji aliyewashinda wote hakupata hata siku moja kukimbia katika michezo hiyo. Baadaye ulevi ulimshika, akapoteza makazi, akabeba mizigo uwanja wa ndege. Kisha akajikongoja, akaacha pombe, akafundisha watoto wenye mahitaji maalumu na kuandika kitabu cha maisha yake. Alifariki Nairobi mwezi Februari 2024.

Je, tukiweka sharti la "mafanikio ya baadaye", Rono ataingia katika orodha? Wapo watakaosema la. Sisi twaona kwamba mtu aliyeanguka akainuka, kisha akafundisha, amefanya kazi ngumu kuliko kuvunja rekodi. Aidha, chuo kilichonufaika na miguu ya mwanafunzi hakiwezi kudai hakihusiki miguu hiyo inapoyumba.

Heshima isiyo na ulinzi

Wapo wanaopinga sifa kwa methali nyingine: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hatari hiyo ipo kwa kijana anayesifiwa mapema. Kwa mzee aliyekwisha kumaliza mchezo, hatari ni ya namna nyingine, nayo imeandikwa katika maisha ya Ndaye Mulamba, mzaliwa wa Kananga. Yeye hatumtaji kama mtu wa chuo, bali kama onyo kwa wote wanaotoa nishani. Mwaka 1974, nchini Misri, alifunga mabao tisa katika Kombe la Mataifa ya Afrika, idadi ambayo hakuna aliyeifikia katika shindano moja. Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kupewa nishani. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walidhani amerudi na fedha nyingi. Wakampiga risasi ya mguu, na mwanawe mdogo akauawa. Alikimbilia Afrika Kusini, akawa mlinzi wa magari yaliyoegeshwa. Mwaka 1998, katika michuano ya Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kwa ajili yake, kumbe alikuwa hai. Alifariki mwaka 2019.

Hapa ukumbusho ulikuwapo: nishani, sherehe, hata dakika ya kimya. Kilichokosekana ni kutunza. Waliomkumbuka hawakujua alipo, wala anakula nini.

Hitimisho

Chuo chetu kilianzishwa mwaka 1955, kikaunganishwa katika chuo kikuu kimoja cha taifa mwaka 1971, kikapata tena uhuru wake mwaka 1981. Katika vipindi vyote hivyo wanafunzi walicheza. Kuwaenzi hakuhitaji kuanza na sanamu wala karamu. Kwanza, wanafunzi wa lugha na wa historia waelekezwe kurekodi masimulizi ya wachezaji wa zamani, kwa Kiswahili kilekile wanachokisema, kabla wazee hawajatutoka. Pili, orodha ya watakaoheshimiwa iwe na nafasi ya mwalimu wa kijijini na ya mtu aliyeinuka baada ya kuanguka, si ya tajiri na mheshimiwa pekee. Tatu, kila jina linaloandikwa liambatane na swali: yuko wapi leo, na anahitaji nini?

Chanda chema huvikwa pete, lakini kabla ya kuivika, mtu huushika kwanza mkono wenyewe.