Mafunzo upya ya kazi

Mafunzo upya ya kazi ni mafunzo anayopewa, au anayojitafutia, mtu aliyekwisha kuwa na kazi ili aweze kufanya nyingine baada ya ile ya kwanza kufa au kupungua. Hayafanani na uanagenzi wa kijana. Mwanafunzi wa hapa ana umri, ana watoto wa kulisha, na mikono yake imezoea kazi ya aina moja kwa miaka mingi. Haja ya mafunzo haya hupanda uchumi unapodorora, na Afrika Mashariki iliionja kwa ukali zaidi katika miaka ya 1980 na 1990.

Tanzania ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, mashirika ya umma yaliyokuwa yakiendeshwa kwa ruzuku yalianza kukosa pumzi. Viwanda vya nguo, vikiwemo Mwatex cha Mwanza na Mutex cha Musoma, vilisimama. Nchini Kenya mpango wa watumishi wa serikali wa ngazi za chini kustaafu mapema kwa hiari ulianza 1993, mwaka ambao mfumuko wa bei ulipita asilimia 40. Karani wa masijala, tarishi na mwendesha mashine ya kusokota nyuzi waliondoka na kiinua mgongo, lakini walichokijua hakikuwa na mnunuzi mtaani.

Tanzania ilijibu kwa sheria ya 1994 iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ikigharimiwa kwa tozo inayotokana na mishahara. Vyuo vyake vimefunza mafundi wengi. Hata hivyo, kozi ndefu ya chuoni humfaa zaidi aliyetoka shule juzi kuliko mtu mzima ambaye wiki isiyo na kipato ni wiki isiyo na chakula.

Kenya ilijaribu njia nyingine, inayostahili kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa. Katika mradi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia 1994, mafundi na wafanyabiashara wadogo wa jua kali, yaani sekta isiyo rasmi, walipewa vocha za mafunzo kupitia vyama vyao wenyewe. Mwenye vocha alichangia sehemu ndogo ya gharama, kisha akachagua mwenyewe wa kumfundisha; mkufunzi alirudisha vocha na kulipwa. Waandaaji walitarajia vyuo vifurike. Haikuwa hivyo: idadi kubwa ya wenye vocha waliwaendea mafundi wakuu, watu wenye karakana zao, waliofundisha kwa zana na bei za mtaani, kwa saa ambazo mwanafunzi aliweza kuzipata. Baadhi ya mafundi hao hawakuwahi kuhesabiwa kuwa walimu. Mradi ulichelewa kuanza, uendeshaji wake uligharimu sana, na ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali haikuuendeleza kwa ukubwa ule. Hilo ni hasara, maana ulikuwa umeonyesha kwamba mtu mzima anayetafuta ujuzi, akiachiwa uamuzi, anajua ni nani wa kumfundisha.

Wakati mwingine mtu hahami kazi. Kazi yenyewe ndiyo inayobadilika mikononi mwake. Jiko la mkaa lenye bakuli la udongo, lililoanza kusambaa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980 huku bei za nishati zikiwa zimepanda, ni mfano mzuri. Ganda lake la bati limebanwa kiunoni, na sehemu ya juu hukaa bakuli la udongo wa kuchomwa lenye matundu, likashikizwa kwa saruji. Mafundi wa Shauri Moyo waliozoea kukunja majiko ya bati tupu walilazimika kukata bati kwa vipimo vipya, kwani bakuli likilegea hupasuka. Wafinyanzi nao walipaswa kutoa mabakuli ya kimo kimoja, jambo ambalo chungu cha kawaida hakidai. Nyundo zilikuwa zilezile, ila usahihi uliotakiwa ulikuwa mwingine.

Njia ya tatu ni urasimishaji ujuzi, unaofanywa Tanzania kwa fundi aliyejifunzia kazini bila cheti. Mtathmini humfuata fundi au kumwita kwenye karakana, humtazama akichomelea, akijenga au akishona, humuuliza kuhusu usalama na vipimo, na penye pengo humpa mafunzo mafupi ya kuliziba. Kwa aliyepunguzwa kazini, cheti hicho humruhusu kuomba kazi pasipojulikana jina lake. Hii ndiyo njia ya gharama nafuu kuliko zote, kwa kuwa hailipii mtu kufundishwa anachokijua.

Hakuna mafunzo yanayozaa wateja. Hoteli za pwani ya Kenya na Zanzibar zilipofungwa mwaka 2020, wafanyakazi wengi walikimbilia uvuvi, kilimo na biashara ndogo, na kila kazi iliyoingiliwa kwa mkupuo ilishusha bei ya wote waliokuwamo. Tatizo lingine limo katika fedha zenyewe. Tozo ya ujuzi Tanzania, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, hukatwa kwa waajiri kulingana na jumla ya mishahara. Ajira zikiporomoka mishahara hupungua, na mfuko wa mafunzo hupungua nayo katika mwaka uleule ambao foleni ya wanaotaka kujifunza ni ndefu kuliko kawaida.