Mateka Waliofinyanga Sifa ya Japani

Ufinyanzi wa Japani ni wa kale mno. Vigae vilivyofukuliwa Odai Yamamoto, kaskazini mwa nchi, vina umri wa zaidi ya miaka 15,000, na ni miongoni mwa vikongwe kabisa duniani. Lakini kauri, ile nyeupe na nyembamba inayolia ukiigonga kwa kidole, Wajapani waliendelea kuinunua China na Korea hadi karne ya 17. Walioanza kuitengeneza nchini humo walikuwa Wakorea, na hawakwenda kwa hiari.

Mwaka 1592, na tena 1597, mtawala wa Japani, Toyotomi Hideyoshi, aliivamia Korea. Wakati huo wakubwa wa Japani walikuwa wameshikwa na mapenzi ya kunywa chai kwa taratibu maalumu, na mabakuli ya Kikorea waliyathamini kuliko mali nyingi. Majemadari waliporudi, walisomba wafinyanzi pamoja na familia zao. Vyombo vya Hagi, Satsuma na Arita vyote vina asili katika utekaji huo.

Simulizi za Arita, kisiwani Kyushu, zinamtaja Yi Sam-pyeong, aliyezunguka vilimani hadi akaupata mwamba mweupe wa Izumiyama mwaka 1616. Jiwe lake hupondwa likawa unga, hukandwa kwa maji, kisha huchomwa kwa joto la nyuzi 1,300 hivi. Yi alijengewa mnara mwaka 1917, na anaustahili. Anayestahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa ni mwanamke, Baek Pa-seon. Alifiwa na mumewe mwaka 1618, akabaki na kundi la Wakorea wapatao 900 waliomtazama yeye. Aliwaongoza kuhamia Arita, wakajenga makazi na matanuri upya. Alifariki mwaka 1656 akiwa na miaka 96, na kitukuu wake akamwekea jiwe la kumbukumbu mwaka 1705.

Watawala wa jimbo walitambua upesi thamani ya mateka wao. Mwaka 1637, kwa hoja kwamba kuni zinamaliza misitu, waliwafukuza wafinyanzi 826 wa Kijapani na kuwabakiza wenye ujuzi wa Kikorea.

Kisha China ikaingia vitani. Utawala wa Ming ulianguka mwaka 1644, na kauri ya China, ileile iliyopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya Waswahili kama yale ya Kunduchi, ikaadimika sokoni. Waholanzi, waliokuwa na kituo chao Dejima, Nagasaki, wakageukia Arita. Mwaka 1659 waliagiza vipande zaidi ya 50,000 kwa mkupuo. Ulaya ilipenda zaidi kazi za ukoo wa Kakiemon, zenye maua mekundu yaliyotawanywa kwa uchache juu ya weupe wa maziwa. Kiwanda cha Meissen, Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1710, kiliziiga waziwazi.

Waliofaidi ni wafanyabiashara na mabwana wa majimbo. Katika kijiji cha Naeshirogawa, jimboni Satsuma, wazao wa mateka waliamriwa kwa vizazi na vizazi wabaki na majina na mavazi ya Kikorea. Walitengwa na majirani huku vyombo vyao vikipelekwa ikulu. Mwaka 1873 mitungi mikubwa ya Shim Su-gwan, wa kizazi cha 12 tangu utekaji, ilisifiwa katika maonyesho ya Vienna kama fahari ya Japani.

Amri hizo zilipokwisha, baadhi ya koo ziliona heri kubadili majina. Mtoto wa ukoo wa Park aliyezaliwa kijijini hapo mwaka 1882 alikua akiitwa Togo Shigenori, akawa waziri wa mambo ya nje wa Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ukoo wa Shim haukubadili. Kila mrithi wa tanuri huchukua jina la Shim Su-gwan, na anayelisimamia sasa ni wa kizazi cha 15.