Mtoi Amepewa Antibayotiki ya Maji? Soma Hii Kabla Ufungue Hiyo Chupa

Iwe uko Kitale na hiyo baridi ya Julai ama Bungoma na mbu zake, hii stori unaijua. Mtoi amekohoa usiku mzima, mwili unachoma. Asubuhi unatumwa kemisti, unarudi na chupa iko na unga ndani na kabahasha kameandikwa "5ml x 3".

Watu wengi hudhani kazi imeisha hapo. Enyewe ndio inaanza. Dawa inaweza kuwa poa kabisa alafu iharibikie kwa keja: maji yamezidi, kijiko ni kikubwa, ama mtoi amepata nafuu siku ya 2 na chupa ikafichwa kwa kabati ingoje mgonjwa mwingine. Hizi ndizo vitu za kushika.

Kwanza, anaihitaji kweli?

Antibayotiki inaua bakteria. Haigusi virusi, na mafua mengi ya watoi ni virusi. Kamasi na kakohozi ka kawaida huisha zenyewe. Kuhara maji maji pia mara nyingi hakuhitaji antibayotiki: mtoi anahitaji ORS na zinki. Kukiwa na damu kwa choo, hiyo ni stori ingine, mpeleke hospitali.

Homa nayo si ugonjwa mmoja. Bungoma iko kwenye ukanda wa ziwa ambako malaria haina msimu wa kupumzika, na hata Kitale ya milimani huwa inapata. Amoksilini haitibu malaria. Mtoi apimwe kwanza. Ukikisia, unaweza kupoteza siku 2 ukipeana dawa ya ugonjwa hana.

Kama ni kikohozi, hesabu pumzi. Mtoi akiwa ametulia, halii, mtoe nguo kifuani, weka saa ya simu dakika 1 nzima, hesabu vile kifua kinapanda. Chini ya miezi 2, pumzi 60 ama zaidi ni noma. Miezi 2 hadi 11, ni 50 ama zaidi. Mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40 ama zaidi. Hiyo inaweza kuwa nimonia. Usiende kemisti, enda hospitali.

Mahali hesabu huchapa watu

Daktari hupima uzito wa mtoi juu dozi inafuata kilo. Ndio maana dawa ya mtoi wa jirani si ya wako, hata kama wako darasa moja.

Alafu kuna mtego mwingine. Amoksilini ya maji huuzwa kwa nguvu tofauti. Kuna ya miligramu 125 kwa kila 5 ml, na kuna ya 250 kwa 5 ml. Chupa zinafanana kama mapacha. Ukizoea kupeana 5 ml ya ile ya kwanza, siku moja ukapewa ya pili, hiyo 5 ml imekuwa dozi mara mbili. Kwa hivyo usikariri mililita peke yake. Soma chupa kila wakati.

Ukiwa bado kwa kaunta, piga hesabu ya chupa. Tuseme umeandikiwa 5 ml mara 3 kwa siku 5. Hiyo ni 75 ml. Chupa ya 60 ml itaisha siku ya 4. Chupa ya 100 ml itabakisha. Ujue hiyo kabla utoe doo, si usiku wa siku ya 4 kemisti ikiwa imefungwa.

Kuchanganya unga

Kama unaweza, mwambie wa kemisti akuchanganyie hapo hapo. Kama unafanyia nyumbani:

1. Chemsha maji, uyaache yapoe kabisa. Maji moto yanaharibu dawa.
2. Gonga na utikise chupa ikiwa bado kavu, unga uachane na kitako.
3. Soma maagizo. Chupa zingine ziko na alama, zingine zinakuambia ml ngapi za maji.
4. Kama ni ya alama, weka maji kiasi, funga, tikisa vizuri. Acha povu ishuke, alafu ongeza hadi alama. Usipite.
5. Andika tarehe kwa chupa na biro.

Hiyo tarehe ni muhimu. Dawa ikishachanganywa haikai sana. Nyingi ni siku 7, zingine 14, lebo itakuambia. Zingine, kama Augmentin, lazima zikae kwa friji. Kama kwenu hakuna friji, sema mapema kabla uuziwe. Kuna vidonge vya amoksilini vya watoi ambavyo huyeyuka kwa maji kidogo ama maziwa ya mama. Havihitaji friji, na ndivyo hutumika hospitali za serikali kutibu nimonia ya watoi. Ulizia.

Kumpea

Tikisa chupa kila mara, juu dawa huzama chini. Usipotikisa, siku za kwanza anakunywa maji na za mwisho anakunywa dawa nzito.

Wacha kijiko cha chai. Cha kwenu na cha shosh havitoshani. Omba sirinji isiyo na sindano ama kile kikombe kidogo cha kupimia. Mkalishe mtoi wima, weka ncha ndani ya shavu, sukuma pole pole. Usimbane mapua wala kumlaza chali, anaweza kunyongwa. Usiimwage kwa chupa nzima ya maziwa pia. Asipomaliza maziwa, hajamaliza dozi.

"Mara 3" ni kila masaa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. "Mara 2" ni kila masaa 12. Weka alamu. Ukisahau, mpe ukikumbuka, lakini kama dozi ingine imekaribia, ruka hiyo. Usirundike mbili pamoja.

Akitapika hapo hapo, ndani ya nusu saa, kwa kawaida dozi hurudiwa, lakini pigia aliyekupa dawa kwanza.

Kimbia hospitali kama

- anatapika kila kitu, ama hawezi kunyonya wala kunywa
- amepata degedege, amelegea ama haamki
- kifua kinabonyea ndani akipumua
- uso ama midomo imevimba, ama pumzi imekuwa ngumu baada ya dawa. Hapo acha dawa saa hiyo hiyo.

Akiharisha kidogo ama akitoka vipele, uliza daktari kabla ya dozi inayofuata. Na kama siku 2 hadi 3 zimepita na bado hali ni ile ile, mrudishe. Usiongeze dozi wala kubadilisha dawa wewe mwenyewe.

Hiyo imebaki ni ya nani?

Si ya mtu. Mpe mtoi hadi siku ya mwisho aliyoandikiwa, hata kama ameanza kukimbia kimbia. Ukikatiza mapema, ugonjwa unaweza kurudi. Zile zimebaki rudisha kemisti wakutupie. Najua inauma juu umelipa, lakini chupa iliyokaa kabatini mwezi mzima imeshaisha nguvu, na mtoi atakayepewa hiyo atakosa tiba huku ukidhani ametibiwa.

Na kuna hasara kubwa kuliko hiyo. Kila dozi nusu nusu na kila antibayotiki ya mafua inapea bakteria nafasi ya kuzoea dawa. Utafiti uliotoka mwaka wa 2022 ulikadiria kwamba bakteria sugu waliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka wa 2019, na Afrika ndio imeumia zaidi. Dawa rahisi ikikataa, zile zinabaki ni za bei, na zingine ni za sindano wodini.

Kwa hivyo ukitumwa kemisti tena, rudi na vitu 4: nguvu ya dawa, mililita, masaa na siku. Moja ikikosekana, rudi uulize. Hakuna swali la kijinga kwa kaunta ya dawa.