Dozi ya Usiku Katika Nchi ya Chai

Tangu mashamba makubwa ya chai yafunguliwe Kericho katika miaka ya 1920, maisha ya huku yamekwenda kwa saa. Mchumaji anaingia mistarini majani yangali na umande, na malipo yake ni kilo zinazosomwa kwenye mizani. Lithiamu, dawa kongwe ya ugonjwa wa bipola, nayo ina saa zake, na saa hizo zimegharimu maisha ya watu.

Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alieleza jinsi chumvi ya lithiamu ilivyowatuliza wagonjwa kumi wenye mania, yaani msisimko uliopita kiasi. Kipimo cha kujua dawa imefika kiasi gani kwenye damu hakuwa nacho. Mgonjwa wake wa kwanza alifariki mwaka 1950, akiwa amedhuriwa na dawa ileile iliyomrudishia akili.

Kupima damu ndiko kulikoiokoa dawa hii. Mogens Schou wa Denmark aliijaribu upya mwaka 1954, na hatimaye ukazoeleka utaratibu wa kutoa damu saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Zamani vidonge viligawanywa mara mbili au tatu kwa siku. Mwaka 1982 watafiti wa Copenhagen walionyesha kwamba dozi moja kwa siku huenda ikazihurumia figo zaidi, na wengi leo humeza usiku.

Nchini Kenya, hospitali ya Mathari ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1910, ilibeba mzigo wa wagonjwa wa akili kwa miongo mingi. Kutoka Bomet, jirani na Kericho, kufika huko ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Anayemeza saa tatu usiku hutolewa damu saa tatu asubuhi, saa ambayo wenzake wamekwisha kujaza vikapu. Kipimo kimoja kinamlia ujira wa asubuhi nzima, na hilo si jambo dogo.

Kuna na chai yenyewe. Kafeini huzisukuma figo kuitoa lithiamu. Aliyezoea vikombe vingi akiviacha ghafla, dawa hupanda kwenye damu. Kadhalika akitoka jasho jingi bila kunywa maji, akiharisha, au akipunguza chumvi. Mikono ikianza kutetemeka sana, akatapika au akayumba, awahishwe hospitali.

Kwa hiyo, ndugu unayemeza dawa hii, mwambie daktari unakunywa vikombe vingapi kwa siku, wala usibadili dozi bila yeye.