Kichwa cha ukurasa wa tovuti: Jinsi ya kukiandika ili msomaji aupate

KATIKA gazeti la kuchapishwa, kichwa cha habari hakisimami peke yake. Huandamana na picha, maelezo yake na aya ya kwanza, na msomaji huviona vyote kwa mara moja. Katika mtandao wa intaneti hali ni tofauti. Mitambo ya kusaka habari kama vile Google hukiondoa kichwa ukurasani mwake na kukipanga pamoja na vya tovuti nyingine. Msomaji hubaki na maneno machache tu ya kumwamulia iwapo atabonyeza au atapita.

Vichwa viwili

Aghalabu ukurasa wa tovuti huwa na vichwa viwili. Cha kwanza ni kile kinachoonekana juu ya makala. Cha pili huandikwa ndani ya msimbo wa HTML, katika kipengele kiitwacho 'title'. Hiki cha pili ndicho huonekana juu ya dirisha la kisakuzi, na ndicho Google hukitazama kwanza inapoonyesha matokeo ya utafutaji.

Hata hivyo, Google hailazimiki kukitumia. Mnamo Agosti 2021, kampuni hiyo ilieleza kwamba mfumo wake mpya ungeweza kuteua maneno mengine, hasa kichwa kikuu kinachoonekana ukurasani. Hilo hutokea pale ambapo kichwa cha msimbo ni kirefu mno, kimerudia maneno, au kinafanana katika kurasa zote za tovuti.

Urefu na mpangilio

Hakuna idadi rasmi ya herufi. Kinachokikata kichwa ni upana wa skrini, na wahariri wengi hukadiria herufi 50 hadi 60. Kiswahili kina maneno marefu. Neno 'yatakavyotangazwa' pekee lina herufi 17. Kwa hivyo, maneno yanayobeba maana sharti yatangulie, na jina la tovuti lije mwisho.

Tuchukue mfano wa matokeo ya mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne. Kichwa 'Vilio na vicheko' hupendeza gazetini kando ya picha ya watahiniwa waliobebwa juujuu. Mtandaoni hakisemi lolote, kwani mzazi hatafuti vilio wala vicheko. Anaandika 'matokeo ya KCSE'. Kichwa 'Matokeo ya KCSE 2024: Jinsi ya kuyapata' hutaja mtihani, mwaka na haja ya msomaji, nacho hakifiki herufi 50.

Lugha ya msomaji

Kanuni nyingine ni kutumia neno ambalo watu hulitumia. Afisa wa serikali anaweza kuandika 'stakabadhi ya usajili wa raia', lakini kijana aliyetimu umri wa miaka 18 hutafuta 'kitambulisho'.

Hii haina maana kwamba neno hilo lirundikwe. Kichwa kama 'Kitambulisho, kitambulisho kipya, kitambulisho Kenya' humchosha msomaji na hufanana na ulaghai. Vivyo hivyo, orodha ya maneno muhimu iliyokuwa ikifichwa ndani ya msimbo haina faida kwa Google. Kampuni hiyo ilitangaza mnamo Septemba 2009 kwamba haiizingatii katika kupanga matokeo.

Ukweli nao ni sharti. Kichwa kinachoahidi kisichokuwamo humleta msomaji mara moja, kisha humfukuza.

Hasara ya kupuuza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mtandao, kizuri kisicho na jina linaloeleweka hakionekani na mnunuzi. Mkulima wa mahindi ambaye shamba lake limevamiwa na viwavijeshi, wadudu waliothibitishwa kuingia Kenya mwaka wa 2017, ataandika 'jinsi ya kuangamiza viwavijeshi'. Iwapo makala yenye jibu ilipewa kichwa 'Maadui wa usiku', huenda asiipate kamwe. Atasoma maelezo ya lugha nyingine asiyoimudu, au atakosa msaada huku mahindi yakiliwa. Maarifa yaliyoandikwa kwa Kiswahili yatakuwa yamezikwa na aliyeyaandika.

Kabla ya kuchapisha, mwandishi akisome kichwa peke yake, bila picha wala aya ya kwanza, kisha ajiulize: mtu asiyenijua atatambua nimeandika kuhusu nini? Akisita kujibu, na akiandike upya.