Kompyuta moja ya nyumbani, mafaili ya nani?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida. Hapa Nyawera, mtaani kwetu Bukavu, hakuna atakayeitupa mashine yake kwa sababu hiyo. Kompyuta anayoandikia baba barua ndiyo anayopigia dada mkubwa TFC, kazi yake ya kumalizia masomo ya chuo, ndiyo wanayochezea wadogo, na wote wanagombea saa chache ambazo umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, upo. Kinachosikitisha ni kwamba wote huingia kwa jina moja. Kazi ya miezi mitatu imelala juu ya deski, kando ya michezo na nyimbo, ikisubiri mtoto mmoja abonye pa kufuta.

Ugomvi huu una umri mkubwa kuliko kompyuta za nyumbani. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia mashine moja kwa wakati mmoja. Kila mtu akapewa mafaili yake, na neno la siri la kuyalinda.

Muda nao uligawiwa kwa kipimo. Allan Scherr, mwanafunzi wa udaktari, alikuwa na saa nne kwa juma, na utafiti wake ulidai zaidi. Simulizi yake ilichapishwa CTSS ilipotimiza miaka 50. Anaeleza kwamba mwaka 1962, Ijumaa usiku, alipeleka kadi yenye matundu kuomba faili la maneno ya siri lichapishwe. Jumamosi asubuhi akaenda mahali karatasi zilipowekwa, akalichukua. Maneno ya siri ya wote yakawa mkononi mwake! Ili asibebe lawama peke yake, aliwagawia wengine. Mmoja wao, J.C.R. Licklider, akaanza kuingia kwa jina la Profesa Robert Fano na kumwachia ujumbe wa kumchokoza. Scherr alikuja kukiri mbele ya Corbató baada ya miaka 25.

Nyumbani ulinzi huo ulichelewa. Windows 95 iliuliza jina na neno la siri, lakini aliyebonya Esc aliingia tu. Windows XP, Oktoba 2001, ndiyo iliyoziletea familia akaunti zenye picha, na njia ya kumpisha mwenzako bila kufunga kazi yako.

Baadaye simu zikaja, kila mtu na yake, na somo la kugawana kompyuta likasahaulika. Ni uzembe, na wanafunzi ndio wanaoulipia. Kwenye Windows 10 mzazi anaweza kufungua akaunti ya pili kwa dakika chache, bila intaneti. Wadogo wapewe ya kawaida, isiyo na madaraka ya kuingia kwenye mafaili ya wengine. Ile yenye madaraka yote ibaki na neno la siri. Nakala ya TFC iwekwe pia kwenye flashi, kwani akaunti haizuii diski kuharibika umeme unapokatika ghafla.