Tairi saizi gani inafaa gari yako ndogo? Soma hapa kabla masika hayajaanza Arusha

Unashuka na Vitz kutoka Ilboru kwenda mjini, mvua inapiga, mbele yako bajaji imesimama ghafla. Hapo breki peke yake haikusaidii kama tairi haishiki barabara.

Masika Arusha ni kuanzia Machi hadi Mei, na wengi hukumbuka tairi mvua ikishaanza. Ukienda dukani bila kujua unachotafuta, ni rahisi kupigwa. Haya ndiyo ya kuangalia.

Namba za ubavuni zina maana gani?

Chukua mfano wa 165/70R14 81S, saizi utakayoikuta kwenye Vitz nyingi.

- 165 ni upana wa tairi kwa milimita.
- 70 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 70 ya huo upana.
- R ni aina ya tairi, radial, ambayo ndiyo ya kawaida siku hizi.
- 14 ni ukubwa wa ringi kwa inchi.
- 81 ni uzito: tairi moja inabeba hadi kilo 462.
- S ni mwendo: mwisho kilomita 180 kwa saa.

Saizi yako iko mlangoni

Usikopi saizi ya gari ya jirani. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo: kuna stika yenye saizi ya tairi na kiasi cha upepo. Gari ikitoka Japani stika inaweza kuwa na maandishi ya Kijapani, lakini namba zinasomeka. Vitz na Passo zimetoka matoleo tofauti, na saizi zinatofautiana. Passo nyingi, kwa mfano, zinatumia 155/80R13.

Naweza kuweka kubwa ili gari inyanyuke?

Hili ndilo swali la watu wa barabara za vumbi na matope, kuanzia Moshono hadi vijiji vya miteremko ya Meru. Jibu: kidogo tu.

Ukitoka 165/70R14 kwenda 175/70R14, kimo cha tairi nzima kinaongezeka milimita 14, na gari inanyanyuka milimita 7 tu. Hiyo ni tofauti ya asilimia 2.4. Ukiruka hadi 185/70R14, tofauti inakaribia asilimia 5. Hapo tairi inaweza kusugua madigadi ukikata kona au ukipakia watu, na dashibodi itakusomea 100 wakati unakimbia karibu 105. Mafundi wengi duniani wanashauri usizidi asilimia 3. Na namba ya uzito isishuke chini ya ile ya stika.

Jihadhari na tairi za theluji

Kwenye tairi za mtumba kutoka Japani na Ulaya, baadhi zilitengenezwa kwa ajili ya barafu. Utazijua kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake, au neno STUDLESS ubavuni. Kashata zake pia zina mikato mingi myembamba kama ya wembe.

Muuzaji atakwambia "hii laini, inashika vizuri". Ni laini kweli, kwa sababu mpira wake umetengenezwa kwa baridi ya chini ya nyuzi 7. Theluji huonekana mara mojamoja kileleni Meru, mita 4,566 juu, lakini gari yako haifiki huko. Mjini, hata Julai asubuhi tukiwa tumevaa majaketi, kwa kawaida hatufiki nyuzi 7. Kwenye lami yenye joto tairi hiyo inaisha haraka, na kwenye lami iliyolowa inachelewa kusimama. Bei chee inageuka hasara.

Umri nao usisahau

Tafuta neno DOT ubavuni, kisha soma tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri lakini mpira umezeeka. Ukiona nyufa ndogondogo ubavuni, achana nayo.

Kabla hujatoa hela

1. Piga picha stika ya mlangoni, nenda nayo dukani.
2. Linganisha saizi, uzito na mwendo.
3. Kagua alama ya theluji na tarehe.
4. Tazama ndani ya mifereji: kuna vinundu vya kimo cha milimita 1.6. Kashata zikikaribia kulingana navyo, hiyo ni kipara.
5. Kama hela inatosha mbili tu, nunua mbili zinazofanana na uzifunge nyuma. Nyuma ikiteleza kwenye maji, gari inazunguka, na kuirudisha ni kazi.

Ukishafunga, jaza upepo kama stika inavyosema, siyo kwa kukadiria. Stika hiyo haikugharimu hata mia.